Barua Tatu kwa Simba

Jumanne, 6 Julai 2021

Makontena arobaini na mawili kabla ya saa tano. Namba ya kontena, namba ya lori, jina la dereva, saa ya kuingia bandari ya Port Botany, saa ya kutoka. Nimehakiki mara mbili, hapa nyumbani ninapofanyia kazi siku hizi. Namba moja ilikosewa na mtu wa zamu ya jana, si mimi. Nimemwandikia meneja kwa adabu.

Dirisha limefungwa. Jirani wa juu anakohoa tangu Jumapili. Nimepangusa kitasa cha mlango kwa dawa. Baadaye nimepangusa tena, sikumbuki kwa nini.

Hadithi imepokelewa vizuri. Naandika hapa jinsi ilivyoanza, nisije nikajidanganya baadaye. Kanisa limefungwa kwa ajili ya korona, ibada tunafanyia kwenye simu, na mchungaji aliomba kila mmoja katika jumuiya yetu ya Waswahili atoe kitu cha kuwafariji wengine Jumapili alasiri. Wengine wametoa nyimbo. Mmoja ametoa mapishi ya maharage. Mimi sina sauti. Nina kigugumizi, na nina digrii ya historia kutoka Dar es Salaam ambayo hapa Sydney hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Nikaandika kisa cha mfalme wa Wajerumani wa zama za kati na binamu yake, mtoto wa mjomba wake, bwana mwenye nguvu kuliko mabwana wote wa nchi ile. Majina yao magumu nimeyaacha. Mfalme namwita Mfalme. Binamu namwita Simba, kwa sababu ndivyo watu wake walivyomwita.

Bahati anasoma. Ni Mkongo wa Bukavu, umri wetu ni mmoja, anapanga mizigo kwenye ghala letu la Seven Hills. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa meneja. Nilimwambia asome lakini asimtajie mtu yeyote kwamba mwandishi ni mimi. Niliogopa watu wangecheka. Aliapa kwa namna ya kwao, mkono juu ya kichwa cha mama yake, na mama yake akacheka.

Sehemu ya kwanza ilitumwa juzi kwenye kundi letu la simu. Majibu kumi na saba, yote kwa Bahati. Ni sawa. Ndivyo nilivyotaka.

Jumapili, 11 Julai

Sehemu ya pili. Mfalme, akiwa mpya kwenye kiti, anampa Simba jimbo la pili juu ya lile alilokuwa nalo. Anampa ili amtulize. Niliandika kurasa nne, nikachana moja.

Bahati anarekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya vitenge vya mama yake. Anasema vitenge vinameza kelele za treni. Sauti inatoka ya joto, kama mtu aliyekaa karibu nawe. Leo ameongeza wimbo mwanzoni. Mistari miwili ya Kimashi, lugha ya kwao, haihusiani na Ujerumani hata kidogo. Sikuuandika mimi.

Watu wameupenda wimbo kuliko kisa.

Makena naye ameandika. Ni muuguzi, Mkenya, husikiliza kwenye basi akitoka zamu. "Bahati, wacha nikuambie, hiyo sauti yako imenimaliza. Leo nimepitishwa steji mbili."

Nimeusoma ujumbe huo mara sita. Tangu Pasaka ya mwaka jana natafuta neno la kumwambia Makena na sijalipata. Leo amepitishwa vituo viwili kwa sababu ya sentensi zangu. Sentensi zangu, mdomo wa mtu mwingine.

Naona wivu. Nimeliandika neno, basi limekaa.

Jumamosi, 17 Julai

Mazoezi yanaruhusiwa. Nilikutana na Bahati kwenye bustani iliyo kando ya reli, hatua mbili kati yetu. Yeye barakoa moja, mimi mbili.

Alikuja na barua ya kliniki ya macho ya mama yake. Kiingereza cha barua kinamshinda. Na wasimamizi wa ghala anazungumza vizuri, hata anawachekesha, lakini karatasi ya ofisi ikija anaitazama kama ukuta. Zikija za posta ananipigia picha. Barua pepe hazifungui kabisa. Za kazi namweleza mimi kwa simu, maana nyingi nimezituma mwenyewe. Ndivyo tunavyoishi tangu aanze kazi. Mimi namsomea barua, yeye ananisomea watu.

Kwa kawaida namjibu kwa maandishi. Mara moja nilijaribu kumrekodia maelezo. Nilikwama kwenye neno la kwanza. Nilirekodi mara nne, nikafuta zote nne.

"Profesa," aliniambia leo, "iyi Simba yako inanienea. Nikisoma, naona kama ni miye." Akacheka mpaka barakoa ikashuka puani. Nilirudi nyuma hatua moja.

Mama mmoja wa jumuiya alipita upande wa pili wa njia akisukuma kigari cha mtoto. Akapunga mkono. "Simba wetu!" Alikuwa akimwambia yeye. Mimi hakuniona, au aliniona na hakuna alichokumbuka.

Jumatatu, 26 Julai

Mtaa wetu umeingizwa kwenye orodha ya mitaa iliyofungwa. Hatutoki eneo letu ila kwa kazi iliyoruhusiwa, na wanaotoka wanapimwa kila baada ya siku tatu. Helikopta ya polisi imepita juu ya Lidcombe mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kila ikipita nasogea mbali na dirisha, ingawa sijafanya kosa. Visa yangu imeshikwa na kazi hii. Kosa moja la ofisi, nitarudi nyumbani na sanduku. Nalifikiria jambo hilo kila asubuhi kabla ya chai.

Jana ilikuwa sehemu ya nne. Simba anasimamisha sanamu ya simba wa shaba mbele ya ngome yake, mdomo wazi, ili kila apitaye ajue mwenye nyumba ni nani. Hili ni la kweli. Mchungaji alipofunga ibada alisema, haya, sasa tumpishe Simba wetu. Alimaanisha Bahati. Kila mtu alielewa hivyo.

Mimi ndiye niliyemtengeneza huyo simba. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 4 Agosti

Makena ameuliza kundini nani anaandika hivi visa. "Bahati, usinibebe ufala. Hii si yako. Wewe huongei hivi."

Niliweka kazi kando. Nikashika simu kwa mikono miwili. Dakika tisa. Nikajiona tayari nikikanusha kwa unyenyekevu, nikisema si kitu, ni mambo ya chuo tu.

Bahati akajibu: "Dada Makena, kula ugali, usiulize jiko."

Watu walicheka sana. Wengine waliirudia sentensi hiyo mpaka alasiri. Hata utani wake unapendwa. Basi, ikaishia hapo.

Leo namchukia Bahati. Kesho labda itapungua.

Jumamosi, 7 Agosti

Haikupungua. Nilimpigia.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema. Sema kwamba ni mimi. Jumapili, mwishoni. Jina tu. Ilinichukua muda mrefu kuyatamka yote. Bahati alingoja. Yeye huwa hanimalizii maneno, wengi hunimalizia. Ni wema wake mmoja ambao siwezi kuukana, na leo hata huo uliniudhi.

"Siwezi, Profesa," alisema. "Unajua siwezi. Useme weye mwenyewe."

Niseme mwenyewe, mbele ya watu sabini, kwa mdomo huu. Sikumwuliza kwa nini hawezi. Nilijijibu mwenyewe: mtu akishaitwa Simba hataki kurudi kuwa mpanga mizigo.

Nilipokata simu niligundua nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Waya wa chaja ni mfupi, unafika pale tu. Nilikuwa nimemwomba hivyo, kwa magoti, na hakujua.

Jumapili, 8 Agosti

Sehemu ya sita. Mfalme anataka askari kwa vita vya Italia. Anakutana na Simba milimani, anamwomba. Wapo waandishi wa kale wanaosema alipiga magoti mbele ya binamu yake, na Simba akakataa, akamwacha chini. Waliosema hivyo waliandika miaka mingi baadaye, na wengine hawasemi kabisa. Chuoni ningeweka kauli zote mbili. Nimeweka magoti.

Kisha nikaongeza langu. Simba akacheka.

Hakuna mwandishi hata mmoja anayesema alicheka. Nimemwongezea kwa chuki. Nilitaka watu wamsikie Bahati akimcheka mtu aliye chini, wamchoke.

Alicheka ndani ya kabati lake, taratibu, kicheko cha mtu asiyemwogopa yeyote. Nywele zilinisimama. Majibu thelathini na moja. Makena ameandika kwamba ameogopa na anataka tena.

Hakuna aliyemchoka.

Jumanne, 17 Agosti

Trish, meneja wangu, amenitumia orodha. Wafanyakazi ishirini na wanane wa ghala na bandari wanaoishi kwenye mitaa iliyofungwa wanatakiwa kujaza fomu. Anwani, tarehe ya kipimo cha mwisho, sahihi. Zitatumwa ilani tatu kwa barua pepe. Asiyejibu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, anaondolewa kwenye rosta ya zamu. Ilani natuma mimi. Majina naondoa mimi.

Bahati ni wa kumi na tisa.

Kwa desturi yetu, nikituma kitu cha namna hii nampigia saa hiyo hiyo. Anaijaza fomu huku mimi nikimwambia andika hapa, andika pale. Leo nimetuma saa tatu na dakika kumi. Sikumpigia. Nilikuwa na kazi nyingi.

Nitampigia kesho.

Jumatano, 18 Agosti

Sikumpigia.

Ijumaa, 20 Agosti

Ilani ya pili. Wamejibu ishirini na wawili.

Mchana Bahati aliniandikia: "Profesa, kuko barua ya kazi? Batu kwa ghala banasema kuko karatasi fulani."

Niliutazama ujumbe huo mpaka wali ukawa baridi. Nikaandika: Hakuna jipya.

Maneno mawili. Niliyahakiki kabla ya kutuma, kama ninavyohakiki kila kitu.

Hiki ni kitabu changu na hakuna atakayekisoma, kwa hiyo niseme kweli. Kulikuwa na utamu. Kwa mara ya kwanza tangu Julai, yeye alisubiri neno langu.

Jumapili, 22 Agosti

Sehemu ya nane. Mfalme ameshindwa vita, amerudi na hasira yake. Anampelekea Simba barua ya kumwita barazani ajibu mashtaka. Mara ya kwanza Simba haji. Mara ya pili haji. Mara ya tatu. Niliiandika kwa saa mbili bila kuinuka. Sijawahi kuandika vizuri hivi.

Baada ya Bahati kusoma, kundi likabishana. Mmoja alisema kiburi kimemponza, amejitakia. Mwingine alisema angekwenda wangemfunga, afadhali alivyokaa kwake. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Mama Bahati, ambaye huwa hasemi kitu kundini. Aliongea polepole.

"Miye ninauliza tu. Izo barua, nani alizibeba? Zilifika? Kule kambi ya wakimbizi walikuwa banatuita kwa ofisi, jina linasomwa, na weye uko mutoni unateka maji. Kisha wanaandika kwamba ulikataa kuja."

Mimi miaka mitatu chuoni sikuwahi kumsikia mwalimu akiuliza nani alibeba barua. Tulijadili Mfalme, tulijadili Simba. Mtu wa katikati, mwenye farasi na mkoba, hakuwa na jina.

Nimezima simu. Nimeiwasha. Nimeizima tena.

Jumatano, 25 Agosti

Ilani ya tatu, saa tatu na dakika kumi na mbili. Walikuwa wamebaki watatu. Wawili wamejibu kabla ya saa sita.

Mara nne nimeishika simu nimpigie. Nikimpigia ataniuliza kwa nini Ijumaa nilisema hakuna. Nitajibu nini? Uongo wa Ijumaa umefunga mlango wa leo. Mtu jasiri angeuvunja. Mimi napangusa vitasa.

Saa saba Makena ametuma kundini picha ya miguu yake na viatu vyake vya hospitali, akimshukuru Bahati kwa kumsindikiza nyumbani kila Jumapili. Mbele ya wote.

Sikupiga.

Ijumaa, 27 Agosti

Saa tisa kamili. Nilingoja mpaka saa tisa na dakika nne, sijui nilingoja nini. Kisha nikalibofya jina. Mfumo unauliza kama una hakika. Nikabofya ndiyo.

Trish ameandika asante, kazi safi.

Sina njaa.

Jumatatu, 30 Agosti

Jana Bahati alisoma sehemu ya tisa. Simba anahukumiwa akiwa hayupo, majimbo yake yanagawiwa wengine. Aliisoma kwa huzuni, kama msiba wa jirani. Hakujua.

Leo amejua. Alipanda treni ya alfajiri hadi Seven Hills. Mlinzi alitazama orodha, akamwambia hayumo. Alisimama nje ya geti karibu saa nzima akiwaangalia wenzake wakiingia, wengine wakimpungia mkono wakidhani anamngoja mtu. Kisha akarudi.

Alinipigia saa nne. Nilijua angeniuliza. Hakuniuliza. Alisema kosa ni lake, mtu mzima anapaswa kufungua barua zake mwenyewe, na ndivyo alivyomwambia msimamizi. Hakumtaja mtu mwingine. Akaniomba nimwandikie barua ya kuomba radhi. "Kalamu ni yako, Profesa."

Ilikuwa ile ile sauti wanayoipenda wote. Ilikuwa imepungua. Nilidhani nikiisikia hivyo nitafurahi.

Nilisema nitaandika.

Jumanne, 31 Agosti

Makena ameniandikia. Mimi peke yangu, si kundini. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Elia, ni wewe huandika, si ndio? Nimemsumbua Bahati mwezi mzima, amekataa kabisa. Anasema kuna mtu alimwapisha kwa kichwa cha mamake, na vile macho ya mamake yanaharibika hawezi jaribu kuvunja. Lakini mimi si mjinga. Kwa hii jumuiya yote ni wewe tu huandika 'aghalabu'."

Nimefungua daftari hili nyuma, ukurasa wa tarehe sita Julai. Imo. Mwandiko wangu. Mkono juu ya kichwa cha mama yake, na mama yake akacheka. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kisha nikamchukia kwa kunyamaza. Niliandika na nikasahau. Kumbe aliposema unajua siwezi, alikuwa akinieleza jambo nililopaswa kulijua.

Nimengoja zaidi ya mwaka Makena aniandikie. Ameandika, na sina mahali pa kuiweka furaha hiyo. Sijamjibu.

Alhamisi, 2 Septemba

Nimeandika barua mbili.

Ya kwanza ni ile aliyoiomba Bahati. Ya unyenyekevu, aya tatu, samahani sikufungua barua pepe, haitatokea tena. Nzuri sana. Ingetosha. Hakuna ambaye angejua kamwe.

Nimeifuta. Ya pili ni fupi. Mfanyakazi huyu huarifiwa na mimi kwa simu kila ilani inapotumwa. Safari hii sikumwarifu. Aliniuliza kama kuna barua, nikamjibu hakuna, nami nilijua ipo. Elia, karani.

Nimeituma kwa Trish saa nne na nusu.

Alipiga saa nane. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza kwa nini. Nilianza kujibu, nikakwama kwenye herufi ya kwanza, nikabaki hapo hapo, mpaka akaniambia basi, niandike. Nikamwandikia neno moja: wivu.

Uamuzi: Bahati anarudi Jumatatu. Mimi nimenyang'anywa kazi ya rosta, sitagusa tena jina la mtu. Nimebakiziwa makontena. Mkataba utatazamwa upya Desemba, na visa inafuata mkataba.

Ninaogopa. Lakini ni woga mwingine. Huu wa leo naujua unatoka wapi.

Jumamosi, 4 Septemba

Wageni hawaruhusiwi. Nilisimama nje ya jengo la akina Bahati, chini, kwenye njia ya miguu, kama mtu aliyesimama kupumzika katikati ya mazoezi. Bahati na mama yake walitoka kibarazani, ghorofa ya kwanza. Alikuwa ameshapata habari kwamba anarudi kazini. Alinipungia mkono. Alidhani ni ile barua yangu nzuri iliyofanya kazi.

Nilimwambia yote. Ilichukua muda. Mzee mmoja na mbwa wake walipita, wakafika mwisho wa barabara, wakarudi, bado sijamaliza. Nilisema ilani tatu. Nilisema hakuna jipya. Nilisema wivu. Mkono wa Bahati ulikuwa bado umeshika chuma cha kibaraza, nikautazama huo badala ya uso.

Mwishoni nikasema neno la kumfungua, maana mama yake sharti alisikie. Mama Bahati, kile kiapo cha Julai nimekifungua. Mwanao hana deni nami. Kichwa chako kiko huru.

Bahati aliingia ndani, akaufunga mlango wa kioo polepole, kama anavyofanya kila kitu.

Mama yake alibaki. Sijui kwa macho yale aliniona kiasi gani.

"Kumbe ni weye ulizibeba," alisema.

Nikasema ndiyo, mama. Neno hilo halikukwama.

Jumapili, 5 Septemba

Hakuna hadithi leo. Kundi limeuliza. Ningeweza kujitaja sasa, hakuna kiapo tena. Sikutaka.

Nimeandika sehemu ya mwisho. Simba, akiwa amekwisha kunyang'anywa kila kitu, anakuja barazani na kupiga magoti mbele ya binamu yake. Waandishi wa kale wanasema Mfalme alimwinua, akambusu, akatoa machozi. Mmoja wao anayatilia shaka machozi hayo, kwa sababu Mfalme alilia na bado hakumrudishia majimbo yake. Shaka hiyo nimeiandika pia. Juu kabisa nimeweka sahihisho: katika sehemu ya sita Simba hakucheka. Kicheko kilikuwa cha mwandishi.

Nimemtumia Bahati. Sikuomba chochote.

Ijumaa, 10 Septemba

Makontena hamsini na moja. Rosta siioni tena, kwa hiyo sijui kama Bahati ana zamu nzuri.

Nimemjibu Makena. Nimesema ndiyo, ni mimi. Kisha nikamweleza na lile lingine lote, maana nusu ya ukweli nimeshaonja inavyofanya kazi. Ameusoma ujumbe saa mbili asubuhi. Hajajibu. Labda yuko zamu.

Hapana. Hayuko zamu. Ijumaa hupumzika.

Jumapili, 12 Septemba

Bahati alituma saa kumi alasiri. Dakika kumi na moja.

Hakuimba mwanzoni. Alisoma sahihisho kama lilivyo, bila kulikazia, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akaingia kwenye kisa. Sikuongezewa kitu wala sikupunguziwa. Alipofika pale Mfalme anapomwinua Simba, alinyamaza. Nilidhani ujumbe umekatika. Nikasikia vitenge vikisogea, na treni ya mizigo ambayo vitenge havikuweza kuimeza. Akaendelea mpaka mwisho.

Hakutaja jina langu. Kiapo kimefunguliwa na bado hakulitaja. Hilo liliniuma kidogo. Naandika kweli.

Watu wamemshukuru sana. Nami nimemshukuru, kundini, pamoja na wengine. Nilikuwa wa kumi na nne.

Jumanne, 14 Septemba

Makontena thelathini na tisa. Dirisha liko wazi. Jirani wa juu hakohoi tena. Leo nimemsikia akipiga mluzi.

Saa sita Bahati alinitumia picha. Bila salamu, bila Profesa. Barua ya kliniki ya macho tu, imepigwa upande upande, na kidole gumba cha mama yake kwenye pembe.

Wameisogeza miadi ya mama kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, saa mbili na nusu. Aje na mtu mmoja tu. Asijipake kitu usoni. Nilianza kuandika maelezo kama kawaida yangu. Nikafika katikati. Nikayafuta, nikabonyeza alama ya kurekodi.

Shikamoo, mama, barua yako inasema hivi.

Nilikwama mara tatu. Sikufuta.